Je, Utakaa au Utauza?

Mapema mwaka 2024 nilikwenda Kilwa nikiwa na milioni mbili na nusu benki na wazo nililoliona la akili sana. Nilikuwa nimechoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo Dar es Salaam, na kila mtu niliyemfahamu alikuwa akiniimbia wimbo uleule: nunua ardhi, ardhi haiozi. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Mimi ni mwandishi wa habari. Nilishaandika kuhusu mradi ule, nilishawasikia wakubwa wakizungumza mikutanoni, na nilijua bei za viwanja zinavyokuwa bandari au bomba la gesi linapotajwa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: ninunue, nisubiri miaka mitatu minne, niuze, faida nikajengee Dar.

Dalali alinipeleka kwa mzee mmoja katika kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Nangurukuru kwenda Masoko. Kijiji sikitaji. Palikuwa na ekari moja na nusu, minazi kumi na minne (niliihesabu), mwembe mkubwa, nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti, na nyuma ya nyumba makaburi matatu yaliyozungushiwa mawe ya matumbawe. Mzee alikuwa anataka milioni mbili. Kabla hatujafika barazani kwake dalali alinivuta pembeni, chini ya mwembe.

"Dada, huyu mzee hajui kitu. Ukimfungua macho tumekosa wote."

Nimeandika makala nyingi za ushauri kuhusu kununua nyumba na viwanja. Nawe msomaji umezisoma, kama si zangu basi za wenzangu. Usilipe kabla ya kuonyeshwa hati. Nenda kwa Msajili wa Hati ukafanye upekuzi rasmi. Zungukia mipaka pamoja na majirani. Hakikisha mke au mume wa muuzaji ameridhia. Ushauri huu wote ni mzuri na nitaurudia mwenyewe hapa chini. Ila siku ile chini ya mwembe niligundua kwamba wote unajibu swali moja tu: nifanyeje nisidhulumiwe? Sikumbuki hata mara moja kuandika kuhusu swali la pili: nifanyeje nisidhulumu?

Swali hilo ni la zamani. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, aliliandikia mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake kuhusu wajibu, alichomwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athens. Anasimulia kisa cha mfanyabiashara anayepeleka nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona merikebu nyingine zimesheheni nafaka, zinakuja kulekule. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Kisha analeta mfano wa nyumba. Mtu anauza nyumba inayoonekana njema, kumbe ina maradhi, mbao zake mbovu, na nyoka wanaingia katika kila chumba, jambo analolijua yeye peke yake. Afanyeje?

Cicero anawagonganisha wanafalsafa wawili wa shule moja. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha. Muuzaji hakumlazimisha mtu. Ameuza asichokipenda, na mnunuzi amenunua alichokipenda. Antipater anampinga. Anasema kumwacha mnunuzi akimbilie hasara huku unaona ni sawa na kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea, tena ni vibaya zaidi, kwa sababu hapa wewe unafaidika na kupotea kwake. Cicero anamwunga mkono Antipater.

Watu wa pwani hatukuhitaji kumsubiri Mrumi atuambie hivyo. Yeyote aliyekaa darsani anajua kwamba katika sharia muuzaji anatakiwa kutaja aibu ya anachokiuza, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana hiari ya kurudisha. Lipo pia jambo la shufaa, haki ya mshirika, na kwa baadhi ya wanazuoni hata jirani, kupewa nafasi ya kununua kabla ya mtu baki. Maana yake ni kwamba hata aliye nje ya mauziano ana chake ndani yake.

Shida yangu ilikuwa kwamba kisa changu kilikuwa kimegeuka. Wote hao wanamzungumzia muuzaji anayejua na mnunuzi asiyejua. Kwenye ardhi siku hizi mara nyingi ni kinyume. Mwenye shamba anajua mnazi upi unazaa na kisima kipi kina chumvi, lakini mnunuzi anayeshuka kwenye basi la Dar ndiye anayejua ramani ya mradi. Aibu ya nyumba ya mzee ningeiona kwa macho yangu. Thamani yake nilikuwa naijua mimi, yeye hapana. Au ndivyo nilivyodhani.

Kilwa yenyewe, kwa masimulizi yake, imeanza na mauziano ya namna hii. Habari hiyo ipo katika tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, ipo kwa Mreno João de Barros aliyechapisha kitabu chake mwaka 1552, na ipo katika masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa wakati wa Wajerumani. Zinatofautiana majina na mengineyo, lakini kiini ni kimoja: mgeni Mshirazi alifika na jahazi lake, akamkuta mwenyeji anatawala kisiwa, akakinunua kwa nguo. Katika tarehe ya Kiarabu sharti lilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Mwenyeji akapokea nguo zake, akahamia bara.

Watu wengi huishia hapo. Wengine hucheka kwamba babu zetu waliuza kisiwa kwa vitambaa. Lakini masimulizi yanaendelea, na sehemu inayofuata ndiyo inayonishughulisha. Yule mwenyeji alikuwa na nia ya kurudi na watu wake, amuue mgeni na kutwaa mali. Wakati ule, inasemwa, maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu kutoka bara hadi kisiwani. Mgeni naye akawahi. Tarehe ya Kiarabu inasema alichimba mkondo mpaka maji yasikauke tena. Masimulizi ya Kiswahili yanasema alisoma Kurani kama zindiko na bahari ikafunika njia. Leo ukitoka Masoko kwenda Kisiwani unapanda mashua, hata maji yawe yamepwa kiasi gani.

Kama historia, sijui mtu afanye nini na mkondo uliochimbwa na mkono mmoja. Kama kisa cha maadili naona kimejaa. Bei ilikubaliwa, malipo yalifanyika, hakuna aliyelazimishwa. Diogenes angesema biashara imekwisha. Lakini kila mmoja aliingia kwenye mauziano na nia asiyomwambia mwenzake. Aliyeuza alidhani ataweza kurudi. Aliyenunua alijua kwamba hatamruhusu. Waliafikiana kuhusu nguo tu, na kuhusu nini kitatokea baada ya nguo hawakuafikiana hata kidogo.

Sisemi haya ili kuchimbua Ushirazi wa mtu. Nayasema kwa sababu mkoa huu umeyaona tena karibuni. Katika muongo wa 2000 kampuni moja ya Kiholanzi ilikuja Kilwa kutafuta ardhi ya kulima mbono wa kutengenezea mafuta ya mitambo. Vijiji vinne, Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti, vilikubali kutoa kiasi cha hekta 34,000. Kwa sheria zetu mgeni hawezi kushika ardhi ya kijiji, kwa hiyo ardhi hugeuzwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, ndipo apewe mwekezaji. Kampuni ikafilisika. Wanakijiji wengi walikuwa wameelewa kwamba wamekodisha, na kinachokodishwa hurudi. Kwenye karatasi ardhi ilikuwa imeshatoka kijijini, na mwekezaji kuondoka hakuirudishi yenyewe. Wao pia walikuwa wamepokea nguo wakidhani maji yatakupwa tena.

Na wako ambao hata kuuza hawakuuza. Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo, karibu na Lindi mjini, ni mahali palipochaguliwa kwa mtambo wa kusindika gesi asilia. Watu walifanyiwa uthamini, wakangoja miaka, malipo yakaanza mwaka 2020. Sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati: thamani ya ardhi, mazao na nyumba, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi. Ni orodha nzuri. Ukiisoma taratibu unaona kwamba kila kilichomo ni kitu kinachoweza kuhesabiwa.

Hapa namkumbuka Mwalimu Nyerere na kijitabu chake cha mwaka 1958, Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, haikutengenezwa na mtu. Kilicho cha mtu ni jasho lake juu ya ardhi hiyo. Aliogopa kwamba ardhi ikiachwa iuzwe kama shati, wachache wenye fedha wataichukua na wengine watageuka wapangaji katika nchi yao. Ndiyo maana mpaka leo ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na tunachouziana kisheria ni haki ya kuitumia pamoja na kilichomo juu yake. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilikiri wazi kwamba haki hiyo nayo ina thamani ya fedha.

Naikubali hoja ya Mwalimu kwa sehemu kubwa. Ila kuna kitu cha tatu ambacho si ardhi tupu wala si jasho. Yale makaburi matatu hayakuwa zawadi ya asili wala hayakuwa kazi ya mzee. Njia ya mkato ambayo majirani walipita kwenda kisimani, kupitia kiwanjani kwake, nayo vilevile. Nyumba inauzwa pamoja na mambo ambayo muuzaji mwenyewe amekabidhiwa tu, naye anatafuta wa kumkabidhi. Sijui uthamini wake unajazwa kwenye fomu gani.

Basi nikapanda barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba, akaita kijana alete chai. Nilikuwa nimeamua nitafuata njia ya Antipater. Nikamweleza kwamba bandari inajengwa, kwamba viwanja vya karibu na Masoko vinakwenda milioni sita na zaidi, na kwamba milioni mbili ni kidogo. Dalali alikuwa ananitazama kama mtu anayeona nyumba yake inaungua. Mimi nilijisikia vizuri sana. Nilijiona mtu mwema.

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, bei naijua. Huyu kijana ana simu, kila siku ananisomea. Mimi sikukuuliza bei." Akaonyesha kwa kidevu kule nyuma ya nyumba. "Pale yuko mke wangu, mama yangu na mwanangu wa kwanza. Mimi nakwenda Lindi kwa binti yangu, macho yameisha. Namtaka mtu wa kukaa hapa. Atakayekaa nampa kwa mbili. Sasa niambie, wewe utakaa au utauza?"

Kumbe nilichokuwa nimemficha hakikuwa bei. Nilikuwa nimemficha nia yangu, na hilo ndilo lilikuwa swali lake pekee. Kabla sijafungua kinywa dalali akanijibia: "Atakaa, babu. Atajenga kabisa, huyu ni mtu wa watu." Nami nikanyamaza. Nikanyamaza chai yote. Nilikuwa nimegeuka Diogenes: sikusema uongo, si mimi niliyesema.

Tulipozunguka mipaka akafika kwenye makaburi, akainama kung'oa magugu kwa mkono, na hapo ikanishinda. Nikamwambia, "Babu, samahani. Sina mpango wa kukaa. Nilitaka kununua nije niuze."

Hakukasirika. Aliendelea kung'oa magugu. "Basi kwako bei ni sita," alisema. "Anayekuja kufanya biashara namuuzia kibiashara."

Sita sikuwa nazo. Nikaaga. Dalali hakusema nami njia nzima mpaka Nangurukuru, na sikumlaumu, maana cha juu chake nilikimwaga mwenyewe. Kwenye basi nilijipongeza kidogo. Nilikuwa nimesema kweli mara mbili katika siku moja, na ya pili ilikuwa imenigharimu.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeandika makala hii tangu wakati ule. Mwaka uliofuata kazi ilinirudisha Kilwa, nikapita pale kwa bodaboda. Mwembe haupo. Kuna ukuta wa matofali, geti la bati, na rangi nyekundu ya tangazo la kiwanja kinauzwa, na namba ya simu. Jirani aliyekuwa anaanika mihogo aliniambia kwamba mnunuzi alisema atakaa, atafuga kuku. Alinunua kwa mbili. Hajalala pale hata usiku mmoja. Makaburi yako ndani ya ukuta. Mzee alipokuja kutoka Lindi kuyazuru alikuta geti lina kufuli.

Kwa muda nilimlaumu yule mnunuzi, na bado namlaumu. Lakini taratibu lawama ilianza kunirudia, kwa sababu ya lile neno la Antipater kuhusu kumwonyesha njia aliyepotea. Mimi nilisema kweli, nikasafisha mikono yangu, nikapanda basi. Nilimwacha mzee pamoja na dalali yuleyule, akiwa na silaha moja tu: kumtazama mtu usoni na kumwuliza. Nami nilijua vitu ambavyo vingemsaidia kuliko bei ya soko. Nilikuwa nimeviandika gazetini. Sikumwambia hata kimoja, kwa kuwa nilidhani ushauri ni wa wanunuzi.

Ningemwambia hivi. Babu, swali lako limo katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtaka mtu wa nje anayehamishiwa haki ya kimila awe anakusudia kuishi au kufanya kazi kijijini, na halmashauri ya kijiji ina sauti katika kuridhia. Usimwulize barazani peke yako; mwache aulizwe mbele ya halmashauri na mtendaji aandike jibu kwenye muhtasari. Ningemwambia pia kwamba hakuna aliyemlazimisha kuuza ekari yote moja na nusu. Angeweza kulipima eneo la makaburi, likabaki nje ya mauziano kwa jina la binti yake, na njia ya kufikia ikachorwa kwenye mkataba, hatua ngapi na kutoka mti gani. Angeweza kuiandika na njia ya kisimani. Angeweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwanza, ndipo auze akiwa na karatasi mkononi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nadhani methali ile ni ya wenye maduka.

Tangu hapo ule ushauri wa zamani nausoma kwa jicho jingine. Tunawaambia wanunuzi wazungukie mipaka na majirani ili wasiuziwe hewa. Ni kweli. Lakini ukizunguka unaonana na watu utakaoishi nao, nao wanakuona, na njia za miguu zinazokatisha kiwanja zinajitaja zenyewe. Tunawaambia wadai ridhaa ya mke au mume, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe na mmoja kwa siri ya mwenzake, na mauziano yanaweza kuvunjwa. Ni kweli pia. Lakini hata kama yasingeweza kuvunjwa, kuna mwanamke anayepika ndani ya nyumba unayoilipia, na ana haki ya kusikia kwamba inauzwa. Tunawaambia wafanye upekuzi kwa Msajili kuona kama kuna rehani au zuio. Lile zuio aliliweka mtu. Usiulize tu litaondolewaje. Uliza ni nani na analia nini.

Na kwa anayeuza: mwambie mnunuzi kuhusu maji yanayoingia mvua zikikaza. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Kilwa pale Somanga, watu wa ukanda huu walikumbushwa maji yanapita wapi. Wenyeji mnazijua njia hizo. Aliyetoka mbali hazijui, na jua la Agosti halimwonyeshi.

Siamini kwamba karatasi zinamaliza kila kitu. Mwenye geti anaweza kuvunja hata mkataba wenye njia ya makaburi. Ila hapo mzee angekuwa na pa kwenda, Baraza la Ardhi la Kata au la Wilaya, akiwa na kitu cha kuonyesha. Sasa hivi ana neno aliloambiwa barazani, na aliyelisikia pamoja naye ni dalali.

Nilipata namba ya binti yake Lindi kwa yule jirani. Nimeshazungumza naye mara mbili. Tunatafuta kama kwenye ofisi ya kijiji kuna muhtasari wowote wa siku ya mauziano, na kama lile neno kwamba atakaa liliandikwa popote. Mzee mwenyewe aliomba simu, akaniuliza kama bado napanga Dar. Nikamwambia ndiyo, babu, bado napanga.

"Ungesema tu utakaa," alisema, "ungekuja kukaa kweli." Sijapata jibu la kumpa.